Pompi Yenye Harufu ya Embe

Ilianza kwa filimbi. Haikuwa ya refa wala ya kwaya. Ilikuwa sauti nyembamba kama upepo unaopita chini ya mlango uliofungwa vibaya, inapanda, inakatika, inapanda tena, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuchunguza kila jambo hadi liniozee mkononi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuzuia pumzi ili nihakikishe kwamba haitoki kifuani mwangu. Haikutoka kwangu. Ilitoka benchi la mbele, kifuani mwa Mama Wilondja, kiongozi wa kwaya ya akina mama katika kanisa letu pale Baraka, mji wetu ulio kando ya ziwa, na papo hapo nilijua ni nani aliyemfikisha hapo bila dawa. Ni mimi. Nayasimulia haya kwa aibu ambayo bado haijapoa, na nikijaribu kuyapamba mahali popote, tafadhali nisimamisheni.

Lazima nirudi nyuma kidogo (nitajitahidi kidogo hicho kiwe kidogo kweli). Sigara nilianzia Bukavu, mwaka wangu wa kwanza wa masomo ya uzamili, moja baada ya chakula, kisha moja kabla ya kila ukurasa, na kurasa zilikuwa nyingi. Utafiti wangu, na hapa mnaruhusiwa kucheka, unahusu moshi: moshi wa majiko ya kukaushia samaki, na mapafu ya akina mama wanaoinama juu yake tangu asubuhi. Sura ya madhara niliiandika nikiwa na sigara kidoleni. Nilipoona kichekesho hicho hakivumiliki, sikuacha, bali nilibadili: nikanunua sigara ya umeme, kijibomba cha buluu kinachokaa vizuri kiganjani, kinachochajiwa kama simu, ambacho ukikivuta kinachemsha kimiminika chenye nikotini na kutoa mvuke unaonukia embe. Nilijiambia kwamba hilo ni daraja la kunivusha. Rafiki yangu mmoja anayesomea udaktari alinijibu kwamba daraja hufaa mtu anayetembea, lakini mimi nimejenga nyumba juu yake, nami nikamwona mkali kupita kiasi. Alikuwa sahihi. Sigara ya kawaida angalau ilikuwa na mwisho, inaungua inafika kwenye kichungi inakwisha. Hii haikuwa na mwisho, kwa hiyo nami sikuwa na pa kuishia. Nilifungua daftari la kuhesabu mivuto ya kila siku, nikalifunga siku hesabu iliponitisha, na swali la kuachana na nikotini moja kwa moja nikaliahirisha hadi baada ya kutetea tasnifu.

Katika hali hiyo nikarudi nyumbani Baraka kukusanya takwimu.

Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo sana, ulichukua muda wa kumeza mate. Nilikuwa nyuma ya jiko, saa kumi alasiri, kijibomba mdomoni, mama akatokea na sahani ya muhogo.

"Sifa, ni nini ile uko navuta?"

Mama yangu ni shemasi. Katika nyumba yetu hajawahi kuvuta mwanamume, sembuse binti. Ningeweza kusema kweli, naye angelia jioni moja, labda mbili. Badala yake nikatazama kile kijibomba cha buluu, nikaona jinsi kinavyofanana na kifaa cha kupulizia dawa ya pumu, nikasema kwa utulivu ulionishangaza mwenyewe: "Ni pompi, mama. Ya asma."

Akaweka sahani chini. Akashika mdomo. Kisha akauliza neno moja tu, ambalo lingetosha kunifanya nikiri papo hapo kama ningekuwa mtu mwema: "Na ukabeba ugonjwa iyo peke yako?"

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa kunifikisha hadi mbele ya mimbari. Kesho yake nilipewa tangawizi ya moto. Keshokutwa yake akina mama wa maombi walikuja kunishikia kifua. Wiki iliyofuata nilipofika kwenye majiko ya samaki, nikiwa na kipimo changu na karatasi zangu, nilisikia mmoja akiwaambia wenzake, "Zimeni moto, bamama, Sifa amefika, moshi itamuua," wakazima kweli, wakanikalisha upande usio na upepo, na kipimo changu kikapima hewa safi kuliko ya juu mlimani. Siku tatu nilirudi, siku tatu wakazima. Samaki wao walibaki nusu mbichi kwa sababu ya upendo. Nilirudi nyumbani nikavuta.

Sasa Mama Wilondja. Huyu amekausha samaki aina ya mikebuka kwa moshi tangu kabla sijazaliwa, na pumu yake ni ya kweli. Alikuwa na pompi yake, ya buluu pia, iliyokuwa imekwisha. Ijumaa moja alipita kwetu kuaga: kesho yake angepanda pikipiki kwenda Nundu, ambako dada yake angemtafutia nyingine. Mimi nilikuwa chumbani, nyuma ya pazia, nikipanga dodoso kwa namba. Nikamsikia mama.

"Nundu ya nini, na iyo barabara? Sifa iko na yake, ya kisasa, banaichaji sawa simu. Kifua ikikubana, tutakupa. Utaenda Nundu wiki ingine."

Ieleweke kwamba mama hakusema jambo la ajabu. Kwetu dawa haina mwenyewe. Kidonge kilichobaki kwa jirani ni kidonge chako, na mwenye pompi amezipatia pompi nyumba zote za uwanja ule. Mimi msomi wa afya nilikuwa najua desturi hiyo, nilikuwa nimeiandikia hata aya nzima, na bado sikuiona ikija. Mama Wilondja alishukuru, akaketi, akaanza kusimulia habari za kwaya. Safari ya Nundu ikafa pale pale.

Ningetoka nyuma ya lile pazia, ingetosha. Hatua nne. Sikutoka. Nilianza kutunga sentensi za kukiri, nikaona ya kwanza inamdhalilisha mama mbele ya mgeni, ya pili inanitetea mno, ya tatu ndefu, nikaamua kwamba nitamwambia mama peke yake Jumapili baada ya ibada, tukiwa tumetulia. Jumamosi nzima nilisahihisha ile sentensi ya tatu.

Jumapili, mchungaji alipoomba ushuhuda, mama alisimama. Sikujua kwamba angesimama. Alisema kwamba binti yake ana kifua kibovu, lakini amepanda hadi Lubondja kule milimani na kushuka kwa ajili ya masomo, na kwamba Mungu ndiye anayempa pumzi, moja moja. Kanisa zima likapiga makofi. Mimi niliinamisha kichwa, watu wakadhani nasali.

Wimbo wa pili ulikuwa haujafika katikati niliposikia filimbi.

Mama Wilondja alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, mabega yakipanda, mdomo wazi, na macho yake yalikuwa yakimtafuta mama yangu. Mama hakumwita mtu. Alifungua mkoba wangu bila kuniomba (mtu akizama huombi ruhusa ya kamba), akatoa kijibomba, akamtia mdomoni.

"Vuta, mama. Vuta na nguvu."

Akavuta. Nikasikia ile sauti ninayoijua kuliko sauti ya jina langu, chechechecheche, kama mafuta machache kwenye sufuria ya moto. Katika kitambo kile, naapa, nilikuwa bado napima maneno. Kisha nikasema, na nilisema kwa sauti ya mtu anayetetea tasnifu, wazi, iliyofika hadi ukuta wa nyuma:

"Mama, mutolee iyo. Si dawa. Ni sigara."

Mama Wilondja akakohoa, na juu ya vichwa vya kwaya ya akina mama kukapanda wingu jeupe, zito, lenye harufu ya embe bivu. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Nyuma kabisa mtu alisema, "Kumbe inanukia muzuri," na wawili watatu wakacheka, nami siwalaumu.

Muuguzi mmoja aliyekuwa katika ibada alimketisha mgonjwa, akaomba madirisha yafunguliwe, akamtoa nje, wakampakia kwenye pikipiki katikati ya dereva na muuguzi, wakaenda hospitali huku ile filimbi ikisikika hata juu ya mngurumo wa injini. Mama alibaki amesimama na kile kijibomba. Alikitazama. Akakifuta mate kwa pindo la kitenge chake, kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kijiko cha kuazima, akaniwekea mkononi. Hadi leo nikifunga macho, si wingu ninaloliona, ni lile pindo la kitenge.

Mama Wilondja alipona. Nilianza na filimbi badala ya kuanza na hili kwa kuwa mimi mwenyewe siku mbili nzima sikulijua. Aliporudi kwake nilikwenda kumwomba msamaha, nikiwa na mayai kumi kwenye kikapu na hotuba kichwani. Alinisikiliza hadi mwisho, akiwa ameegemea mto.

"Ulituuliza moshi yetu ni masaa ngapi kwa siku," akasema. "Tulikujibu yote. Ya kwako haukuandika."

Kisha akaniomba nimsogezee kikombe cha maji, na mazungumzo yakawa yamekwisha.

Kwa mama ilikuwa vibaya zaidi. Hakunigombeza. Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani akaketi benchi la nyuma, karibu na mlango, na mchungaji alipoomba ushuhuda, mwanamke aliyesimama kila Jumapili tangu nikiwa mtoto aliangalia sakafu. Neno lake ndilo mali aliyokuwa nayo, na mimi nilikuwa nimelitumia kufunika harufu. Njiani kurudi aliyataja mara moja tu, bila kunitazama, yale makofi ya ushuhuda: "Balinipigia mikono, Sifa."

Nikakimbia. Kwenye karatasi niliyomwachia mama mezani niliandika kwamba narudi Bukavu kusahihisha takwimu.

Mtadhani baada ya hayo nilikitupa ziwani. Nilichora jedwali. Safu ya kwanza, kuendelea na sigara ya umeme kwa nguvu ndogo zaidi ya nikotini. Safu ya pili, kurudi kwenye sigara ya karatasi ambayo angalau haiwezi kudhaniwa kuwa dawa. Safu ya tatu, kuacha vyote. Chini ya safu ya tatu niliandika sababu hadi ukurasa ukajaa, na nilikuwa navuta huku naandika. Kisha nikaacha kweli, siku nne. Kichwa kiliniuma, nikamfokea muuza vocha kwa kunitakia asubuhi njema. Siku ya tano nilikikuta kijibomba ndani ya kiatu nilimokificha, na sijui nilimficha nani, maana naishi peke yangu. Nimejifunza kwamba ukiupa ulevi wako jina la ugonjwa, watu watakupa huruma yote waliyo nayo, nao ulevi utaila yote na kubaki na njaa. Niliapa sitaupa tena jina lolote ila lake. Kuapa kwamba sitavuta, hilo sikuthubutu.

Wiki tatu mama hakunipigia simu, nami sikumpigia. Jumanne moja, mchana, niliketi mezani, nikaandika sentensi ya kwanza, nikaifuta, nikatafuta namba yake. Simu ilipokuwa ikiita, mkono wangu ulifanya ulichozoea.

"Allo," akasema mama.

"Mama, ni mimi."

Nilisikia kuku upande wake, na mtu akitwanga mahali. Kisha:

"Niko nasikia ile kitu yako. Inalia sawa ile siku."

Sentensi zote nilizotunga zikanitoka kichwani. Nilisema tu yaliyobaki: kwamba nilimdanganya tangu nyuma ya jiko, kwamba ile Ijumaa nilisikia habari ya Nundu nikanyamaza, kwamba nilijaribu siku nne na nimeshindwa, kwamba sijui kama naweza.

"Iko wapi sasa?"

"Mukononi."

"Iweke chini."

Nikaiweka mezani, juu ya lile jedwali.

"Iko mbali?"

Nilipima kwa macho. Ilikuwa umbali wa kalamu mbili, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikatoa jibu sahihi.

"Hapana, mama. Haiko mbali."

"Basi mi sikati simu," akasema. "Tubaki apa mupaka iwe mbali."