Nilimnyamazisha Aliyejua Kwa Nini Chati Imeshuka

Kosa ni langu, msinitafutie mtetezi. Nimekaa nalo kifuani hadi limenichosha, leo nalitoa, nanyi nihukumuni mnavyotaka.

Mimi ni mwanamke wa hapa Tanga, nakaa Makorora. Nasimamia mradi wa afya ya mama na mtoto katika vijiji vya pwani. Kila mwezi timu hukutana ofisini Usagara, nabandika chati ukutani, tunaulizana: namba zinasema nini, na tufanye nini? Kuongoza kikao hicho ndiyo kazi yangu. Nilijiona bingwa, jamani!

Mwezi huo kijiji kimoja kiliporomoka. Wajawazito waliofika kliniki ya mkoba, ile inayowafuata hukohuko mara moja kwa mwezi, walikuwa wachache mno. Mwezi wa nyuma yake vilevile. Na wakubwa walikuwa wanakuja kukagua wiki hiyohiyo.

Mhudumu wa kijiji hicho nitamwita Bi Mwanahawa, ingawa silo jina lake. Ni mtu mzima, rika la mama yangu. Nikamwita kwa jina tupu mbele ya wenzake.

"Mwanahawa, simama utueleze. Ulikuwa umelala?"

Akasimama, akajitanda leso yake vizuri. "Mwanangu, siku mloichagua ilikuwa ya bamvua. Wanawake wote..."

"Sitaki hadithi za baharini! Nataka namba."

Wenzangu wakainamisha vichwa. Akakaa.

Eti hadithi za baharini! Mimi niliyesomeshwa kwa mwani! Bamvua maji hupwa mbali, na mwanamke mwenye shamba la mwani hakai nyumbani siku hizo, awe na mimba au hana. Mama yangu alikuwa akituachia uji, tunaukuta umepoa. Kliniki yetu iliangukia siku hizo miezi miwili mfululizo, kwa kuwa tarehe tulipanga sisi mjini kwa kalenda ya ukutani. Ilitakiwa kuisogeza siku tatu nne tu. Basi!

Mimi nikaandika kwenye maazimio: mhudumu abadilishwe.

Aliyekuja baada yake alinielewa vizuri. Naye nilimwambia sitaki hadithi, nataka namba; akaniletea namba. Chati ikapanda, tukapiga makofi, wakubwa wakanisifu, nikapandishwa cheo. Hakuna aliyeuliza imepandaje. Nami sikuuliza, maana ilikuwa tamu.

Kisha mwanamke mmoja wa kijiji kile akaletwa hospitali, mimba ya miezi minane, miguu imevimba, kifafa cha mimba kimeshamshika. Yeye alipona. Mtoto alitoka amekufa.

Nikafungua daftari letu. Jina lake lilikuwemo, na vema tatu mbele yake: amehudhuria, amepimwa presha, yuko salama. Nikampigia simu mhudumu mpya.

"Dada, si ulisema hutaki hadithi?" akanijibu. Yarabi! Hakuwahi hata kumwona yule mwanamke.

Bi Mwanahawa angemwona. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba, anazijua hata mimba ambazo hazijatangazwa. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mbona guu langu zima? Aliyevunjika ni mwingine kabisa.

Nikaenda kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, keti."

Nikalia, nikaomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, si kama nilivyomfanya mimi.

"Mie n'shakusamehe tangu siku ile," akasema. "Lakini wa kuombwa radhi si mie. Kwa yule mama aliyezika umekwenda?"

Sijaenda. Miezi inakatika, sijaenda! Najidanganya kwamba nisimtoneshe kidonda, kumbe naogopa ataniuliza kwa nini.

Nyie mnaoongoza vikao, chati ikishuka msitafute mtu wa kumsimamisha. Muulizeni aliyetoka kijijini, kisha fungeni midomo mpaka amalize. Na ikipanda, ulizeni zaidi! Mimi nimesifiwa tena mwezi uliopita. Na yule mtoto, kwenye daftari letu, bado yuko salama tumboni mwa mamake. Sijathubutu kufuta.