Komeo na Meneja Aliyesimamishwa

Mdogo wangu wa mwisho, tunayemwita Komeo, amelinda geti la benki miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo mkono wake wa kulia uliacha kumtii yeye, ukawa unaitii honi ya Meneja. Honi ikilia mara mbili, mkono unavuta kamba na boriti ya geti inapanda, Komeo mwenyewe bado anapiga miayo. Kwenye msiba wa shemeji yetu gari lilipiga honi barabarani, naye akavuta kamba ya turubai. Likatuangukia waombolezaji wote. Nasikia hata marehemu alicheka.

Sasa Jumatatu moja Meneja akafikishwa mahakamani kwa shtaka la kughushi nyaraka za mikopo. Kesho yake ikaja barua ya mamlaka inayosimamia mabenki: amesimamishwa kazi mpaka kesi iishe, asikanyage benki, asiguse karatasi. Mkuu wa ulinzi akamwita Komeo.

"Akipita yeye ndani, wewe unapita nje."

Na Komeo alikuwa amebakiza wiki tano tu astaafu, achukue kiinua mgongo chake. Akaja kwangu uso umemshuka.

"Dada, Meneja simwogopi. Naogopa huu mkono."

"Uache nyumbani."

"Dada, sina utani!"

"Basi kesho tunakwenda wote."

Asubuhi, pale getini, nikamfunga mkono kwenye kiti kwa kitambaa changu cha kichwa, fundo la kufungia mbuzi mkorofi. Kisha, kwa kuwa namjua ndugu yangu, nikakaa juu ya boriti yenyewe. Mimi si mwepesi. Mizani ya zahanati iliniona siku moja ikaomba likizo.

Saa mbili kamili, honi: pii, pii!

Haki ya nani, mkono ulinyanyuka na kiti chake! Kamba ikavutika, boriti ikapanda nami juu, nikapanda mpaka nikaliona paa la benki na paka aliyelala huko. Tukasalimiana. Lakini uzito nao ni neema. Nikajikaza, nikashuka pu! Boriti ikatulia mbele ya gari.

Meneja akatoa kichwa dirishani. "Bibi, shuka hapo! Komeo, hunijui mimi?"

"Nakujua, bosi. Ndiyo taabu yangu," Komeo akajibu, kiti kinaning'inia mkononi.

"Nachukua mafaili mawili tu kwenye droo yangu. Dakika tano."

"Hayo mafaili ndiyo usiyoruhusiwa kuyagusa."

"Kwani nimehukumiwa? Sina hatia mimi!"

"Mwanangu," nikamwambia kutoka kwenye boriti, "hakuna aliyesema unayo. Mpishi akituhumiwa kutia mchanga kwenye sufuria, anatoka jikoni kwanza, sufuria ikaguliwe. Ikikutwa safi, anarudishiwa mwiko wake."

Akasonya, akashuka garini, akaja kwa miguu kwenye kimlango cha wageni. Hapo hakuna kamba wala honi, na Komeo akapata nguvu. Akamsogezea daftari la wageni.

"Jina hapo, bosi."

"Komeo, usinichezee."

"Kila anayeingia anaandika. Kanuni hii uliileta wewe."

Meneja akaandika, kalamu inatoboa karatasi.

"Unakwenda kumwona nani?"

"Nakwenda ofisini kwa meneja!"

"Pole sana. Meneja amesimamishwa kazi. Hapokei wageni."

Wateja waliopanga foleni wakaangua kicheko. Meneja alivimba kama andazi, halafu mabega yakaanza kumtikisika, naye akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe nilikufundisha vizuri, mzee," akasema. Akalikata jina lake daftarini, akageuza gari, akaenda zake.

Kesi yake bado inapigwa tarehe, nami siisemei. Komeo alistaafu wiki ya tano, akapewa haki yake yote, akanunua ng'ombe wawili wa maziwa. Zizi amelijenga mwenyewe, imara kabisa. Geti lake linafunguliwa na mkewe.