Nilimsingizia Mama Mkwe, Kisha Nikamsingizia Shetani

Mimi ni mkosaji, tena nilikosa mara mbili. Ukitaka kunitukana nitukane, lakini nisikilize kwanza.

Naishi Mbeya. Mume wangu anachimba dhahabu Chunya, anarudi nyumbani mara mojamoja. Alininunulia vifaranga nifuge kwenye chumba cha uani. Juni ile baridi ilikuwa kali, nikawawekea jiko la mkaa, nikaziba dirisha kwa gunia, nikaenda kwenye maombi ya akina mama. Maombi yakanoga, nikakaa. Niliporudi, wote wamekufa kwa kukosa hewa!

Nilijua palepale nimewaua mimi. Nikatoa jiko, nikazibua dirisha, ndipo nikapiga kelele. Jamani, uovu una haraka!

Wenzangu wa kanisani wakaja kuomba. Kiongozi wao akauliza, "Nani aliingia humu leo?"

Mama mkwe alikuwa amepita asubuhi kuniletea viazi, akawachungulia vifaranga, akasema wamependeza. Nikajibu, "Ni mama mkwe tu." Sikuongeza neno. Halikuhitajika! Wakatazamana, na kufikia Jumapili mtaa mzima unasema yule bibi ni mchawi.

Mume wangu akaja, akaamini, akamfukuza mama yake mzazi kwenye nyumba aliyomjengea mwenyewe. Mama akaondoka na begi moja, akaenda kwa binti yake Chimala. Mimi niko jikoni, kimya. Nilimwogopa mume wangu kuliko Mungu!

Amani ikanitoka. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa injili, nikakimbilia mbele nikilia, "Shetani alinipitia, nikamsingizia mama mkwe!" Watu wakapiga vigelegele, mchungaji akaniombea, nikatoka mwepesi kabisa. Nikampigia mume wangu simu, nikamweleza yote, jiko, gunia, yote, ila kila nilichofanya nilisema ni shetani. Naye mume wangu akamweleza mama yake.

Tukaenda Chimala na mtoto wetu mdogo, Sekela, kuomba msamaha. Mama alikuwa anapepeta mchele. Nikapiga magoti, nikaanza, "Mama, shetani..."

"Mama Sekela," akanikatiza, "jiko aliliwasha nani?"

"Mimi, mama."

"Dirisha aliliziba nani?"

"Mimi."

"Na mimi, alinitaja nani?"

"Ni mimi, mama! Ni mimi!"

Hapo ndipo nilipotubu kweli, mbele ya ungo wa mchele. Kule mbele ya kanisa nilikuwa najitetea tu.

Akaniinua, akasema amenisamehe, akatupikia wali. Mtoto akakataa kula. Akajificha nyuma yangu, akaninong'oneza sote tukasikia, "Mama, si ulisema huyu bibi anatuloga?"

Ee Mungu wangu! Nilimwambia kweli, tena mara nyingi, ili uongo wangu ukae vizuri nyumbani.

Mume wangu akamsihi mama yake turudi naye. Akakataa. "Nimewasamehe, lakini Mbeya sirudi. Huyu mtoto akiumwa tumbo, mtasema ni nani?"

Tukarudi Mbeya bila yeye.

Wewe unayejiandaa kwenda mbele Jumapili hii, mwache shetani, jitaje mwenyewe! Na kabla hujaenda huko, nenda kwanza kwa uliyemkosea. Mungu amenisamehe, hilo naliamini. Ila mwanangu sasa yuko darasa la pili, na mpaka leo hali chakula cha bibi yake.