Baraza Linaloangalia Barabara

Nimerudi likizo, nikakuta michongoma yetu imeng'olewa yote. Imelundikwa pembeni ya njia, majani yameanza kunyauka, na pale ilipokuwa fundi amevuta kamba ya msingi wa ukuta. Nilisimama na begi mgongoni, nikashindwa hata kumwamkia. Si unajua nilivyo, mtu mgeni akiniangalia tu maneno yananikimbia. Lakini safari hii haikuwa aibu peke yake. Ngoja nikusimulie.

Tulihamia hapa Kibaha, upande wa Tumbi, nikiwa mdogo sana, nyumba ikiwa bado pagale. Bati lilikuwepo, mlango ulikuwepo, mengine mbele kwa mbele. Madirisha Mama aliyaziba kwa viroba, na upepo ukivuma vilikuwa vinapiga makofi. Baba alikuwa dereva wa malori, nyumbani alikuja kama mgeni. Kwa hiyo nyumba aliimalizia Mama, Jumamosi kwa Jumamosi. Alikuwa anaenda kumtazama fundi wa jirani akipiga lipu, anauliza maswali yake, halafu anarudi na mwiko wa kuazima anaanza. Ukuta wa chumba changu una mawimbi mpaka leo, na nayapenda hayo mawimbi. Alikata matairi chakavu akapandia maua, akapanga mawe njiani akayapaka chokaa, akapanda michongoma kuzunguka kiwanja chote. Maji ya kufulia yalikuwa ya michongoma, ole wako umwage pengine! "Mnyweshe mlinzi wangu," alikuwa anasema. Ilipofikia kimo cha kumficha mtu mzima, alitoka barabarani akachungulia, akarudi anacheka, hakuona kitu. Mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote.

Kisha akaja Bibi, mama yake Mama, kutoka Mzenga, kule Kisarawe. Miguu ilikuwa inamvimba, na huku hospitali ni karibu. Mama alitaka abaki moja kwa moja, maana kule aliishi peke yake, na kuna siku aliteleza njia ya kisimani akashindwa kuinuka. Lakini Bibi aliutundika mfuko wake wa nguo kwenye msumari, basi. Asubuhi anatoa khanga, jioni anaikunja anairudisha. "Dawa zikiisha naondoka zangu." Mama alikuwa anauangalia ule mfuko kama mtu aliyeanika nguo anavyoangalia wingu.

Siku moja akamuuliza ni nini hasa kinachomkera.

"Nyumba nzuri, mwanangu. Ila haina baraza. Mgeni mnamsimamisha mlangoni kama muuza dagaa?"

Kumbe hilo tu! Tofali zilizobaki zilikuwepo. Jumamosi hiyo Mama alijenga baraza refu nyuma ya nyumba, kivulini, likitazama migomba na yale matairi ya maua. Akalisakafia kwa saruji mpaka likang'aa. Bibi akakaa, akalipapasa.

"Ahsante, mwanangu. Umenijengea pa kukaa na migomba."

"Si kuna kivuli, Mama? Hakuna vumbi, hakuna kelele."

"Hakuna mtu," Bibi akasema. "Ile siku nimeanguka, unajua nani kaniokota? Wapita njia. Walikuta baraza langu tupu, wakasema leo bibi yuko wapi, wakanitafuta. Hapa nikianguka, nani atajua? Huu mgomba?"

Mfuko ukabaki msumarini.

Kesho yake Mama alilivunja lile baraza kwa nyundo, tofali moja moja, akazihamishia mbele ya nyumba. Halafu akachukua panga akaiendea michongoma yake. Aliikata mpaka kiunoni, miiba ikimchana mikono. Nililia mimi, si yeye.

"Mama, watatuona!"

"Ndiyo," akasema, anafuta jasho kwa kiwiko. "Ndiyo maana yake."

Safari hii Bibi aliikataa saruji, alisema inamtia baridi miguuni. Mjomba akaleta udongo mwekundu kutoka Mzenga, kwa sababu mchanga wa huku kwetu haushiki. Tukasiriba baraza mimi, Mama na Bibi, kwa viganja, na harufu ilikuwa ile ya mvua inapoanza. Jirani yetu muuza chapati, ambaye tangu tuhamie tulikuwa tukipungiana mikono tu, akasimama kwenye michongoma.

"Heh! Kumbe humo ndani mna watu? Mimi nilijua mnafuga mbwa!"

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Karibu mwanangu. Vua viatu, udongo huo hapo." Na kweli akaingia, akakunja mikono ya gauni, akasiriba na sisi.

Jioni ile Bibi aliutungua mfuko, akapanga nguo zake kabatini, moja baada ya nyingine. Mama alikuwa mlangoni anajifanya anafagia.

Nimekulia pale barazani, nikimenya mihogo na kuchambua mchele huku nusu ya mtaa inapita. Mtu akikaribia, Bibi ananifinya paja kimyakimya. "Shikamoo" zangu zote za utotoni zilitoka kwa kufinywa. Na kila masika yakiisha tulisiriba upya.

Bibi ametutoka. Masika yamepita, udongo umepasuka, hakuna aliyeugusa. Majirani nao wamepandisha kuta na mageti ya chuma. Yule wa chapati siku hizi simuoni, naisikia harufu tu. Ndiyo maana nilipoiona ile kamba moyo ulinishuka. Nikajua sasa na sisi tunajifungia.

Mama alipotoka kunipokea, fundi akamuuliza, "Mama, ukuta tupandishe kozi ngapi za tofali?"

Mama alinipokea begi, akaniambia, "Nenda kakae barazani. Kaa vizuri, kama Bibi." Nikakaa. Akatoka mpaka barabarani, akageuka akaniangalia kwa muda, kisha akaweka kiganja usawa wa kiuno chake.

"Mwisho hapa."

"Mama, hapo si hata mbuzi anaruka!" fundi akasema.

"Aruke. Aliyekaa pale lazima aonekane."

Fundi akageuka kumtazama huyo aliyekaa. Nikahisi paja langu linasubiri kufinywa, na hakuna wa kulifinya.

"Shikamoo," nikasema.