Dawa ya Macho Yasiyoumwa

Mwanangu, siku moja hainitoki: asubuhi ile ya ukungu tuliposhuka kutoka Lukozi kwenda hospitali mjini Lushoto. Ulikuwa na miaka sita, umekaa kati yangu na bibi yako mzaa baba.

Sijafikia umri wa kutoa nasaha. Nina miaka thelathini na moja, na maneno haya nimeyaandika na kuyafuta kama ninavyofumua kola iliyopinda hata kama mteja hajaiona. Kushona nilijifundisha mwenyewe kwa kufumua nguo kuukuu. Kosa langu lilianzia hapo: nilidhani kila kilichopinda kinafumulika.

Ulikuwa unapepesa macho mara tatu, unakunja pua, unatulia, kisha unaanza tena. Ukikemewa unajizuia kidogo, halafu yanarudi kwa fujo. Baba yako nami tulibishana wiki nzima: ni vumbi, ni minyoo, au ni ugonjwa wa ukoo? Aliposema "ukoo," niliinama nikatunga uzi kwenye sindano.

Daktari, mama wa makamo, aliuliza kwanza. "Kuna mtu katika familia anayepepesa hivi, au kurusha bega, au kutoa sauti kooni bila kutaka?"

"Kwetu hakuna," bibi yako akasema.

Daktari akanigeukia.

"Kwetu pia hakuna," nikasema, nikivuta kanga begani.

Hiyo kanga ina habari yake. Bega langu la kushoto linaruka lenyewe tangu nikiwa darasa la pili. Mama yangu alinifundisha kwamba kila likiruka nijitande upya. Watu wakasifu: binti yule ana heshima, hakai bila kujisitiri. Kwa sifa hiyo nilichumbiwa. Posa ilipoletwa, shangazi wa baba yako aliuliza kama desturi ilivyo: nyumba hii ina kifafa, ina ukoma, ina wazimu? Babu yako, baba yangu, ambaye koo lake hukoroma bila ruhusa yake, alijibu kwamba nyumba yake ni safi. Kisha akavuta ugoro, apate kisingizio cha kukohoa.

Kwa majibu yetu, daktari aliona labda macho yanawasha, akaandika dawa ya matone. Asubuhi na jioni, miezi minne, nilikubana kichwa kwa magoti nikakutia. Yalikuchoma. Nami nilijua, mwanangu. Kila tone nililijua.

Siku moja tulikuwa Vuga kwa babu yako. Alinikuta nimekubana barazani.

"Unamtia nini?"

"Dawa ya macho, baba."

"Macho yake yana nini?"

"Anapepesa."

Akakaa kwenye kigoda, koo likakoroma, na safari hii hakukohoa kulifunika. "Basi ukimaliza kwake nitie na mimi kooni. Halafu ujitie begani."

Nikakuachia kichwa.

"Mimi nilidanganya mara moja mbele ya wakwe, ili uolewe," akasema. "Na sijivunii. Wewe unadanganya asubuhi na jioni, machoni mwa mtoto."

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na kichupa kidogo cha dawa.

Nilirudi Lukozi nikasema yote, mbele ya baba yako na bibi yako. Bibi yako alilitazama bega langu. "Kwa hiyo ile heshima yote ilikuwa bega?" Baba yako hakucheka. Alisema tu, "Miaka saba nalala na wewe," akatoka kwenda kumwagilia kabichi zilizokwisha kumwagiliwa.

Tulirudi kwa daktari. Alisikiliza, akasema hali hii ni ya mishipa ya fahamu na huweza kufuata damu. Kwamba wengi huwapungua wakikua, wengine hubaki nayo. Na kwamba kumkemea mtoto hakumsaidii. Maji hufuata mkondo, mwanangu, na mkondo huu unapita kwangu. Tukiwa njiani ukauliza, "Mama, kumbe na wewe? Mbona ulisema hakuna?"

Baba yako amenisamehe nusu. Wewe sijui. Mpaka leo nikikusogelea na kitambaa nikufute kamasi, unafumba macho.

Basi shika hili, na uwaambie wanao. Mtoto wako akipatwa na jambo, kabla ya kutafuta dawa jitazame wewe, na ulichokiona ukiseme mbele ya daktari hata kama mkwe wako amekaa pembeni. Ukipeleka posa na nyumba yako ikaulizwa, usiseme ni safi. Sema ina watu. Atakayeondoka kwa hilo, mwache aende mapema.

Mungu akujalie nyumba ambamo macho yako yatapepesa yanavyotaka, na asiwepo wa kukushika kichwa. Nami anijalie siku moja nikusogelee, usiyafumbe.