Mtihani wa Baba kwa Wachumba Wangu

Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Ushirombo. Akaja mtafiti kijana kutoka chuo kikuu, anapima jinsi watu wanavyofikiri. Maswali yake yalikuwa na mtego: jibu la kwanza linalokujia kichwani silo. Alitaka kujua nani hulitamka papo hapo, na nani husita kwanza akalichunguza. Wazee wengi hawakuwa wepesi wa Kiswahili, kwa hiyo mwalimu mkuu akanitoa niwe mkalimani wake.

Wa kwanza kujitolea alikuwa baba yangu mwenyewe.

"Watu wawili wakitembea pamoja hadi mtoni hutumia saa mbili," nikamfasiria. "Wanne wakitembea pamoja, je?"

"Saa nne!" akasema baba, hata sijafunga mdomo.

Mtafiti akaandika kitu. Baba akamwangalia usoni, akashtuka. "Ngoja kwanza. Kwani hao wanne wanabebana?"

Siku hiyo alikula kwa shida. Kesho yake swali lilikuwa limemkolea, anamtega kila apitaye. "Hiki ndicho kipimo cha hawa wachumba," akamwambia mama.

Walionichumbia walikuwa wawili: dereva wa trekta la kijiji, na mwalimu mwenzangu wa hesabu. Jumapili baada ya misa baba akawaita wote pamoja, ingawa mama alisema hiyo ni aibu, akawauliza swali lilelile.

"Saa nne, baba!" akajibu dereva, kwa sauti ya mtu aliyeshinda.

Mwalimu akainamisha kichwa. Ugali ukaletwa, yeye anafikiri. Mchuzi ukapoa. Akauliza kama njiani kuna mlima. Akauliza kama wote wanne ni wazima. Hatimaye akasema, "Saa mbili, baba, ikiwa hakuna anayechechemea."

Baba akapiga paja. "Huyu anafikiri!"

Wageni walipoondoka akaniita. "Umejionea mwenyewe. Sasa wewe ungependa..."

"Dereva."

"Sijamaliza kuuliza."

"Dereva, baba."

"Fikiri kwanza, mwanangu. Hili nalo lina mtego."

Kwa heshima yake, kweli nikafikiri. Nilikumbuka siku nilipoanguka na baiskeli kwenye tope, mbele ya watu. Mwalimu alisimama akitafuta pa kukanyaga. Dereva alicheka kabla hajanifikia, lakini alinifikia kabla ya wote, akachafuka kuliko mimi.

"Dereva," nikasema tena.

Jikoni mama alicheka hadi mwiko ukamponyoka. Baba akavaa koti, akaenda kumtafuta mtafiti, nami nyuma yake kwa ajili ya kufasiri. Tulimkuta akifunga mizigo. Baba akamuuliza kama kipimo chake kinafaa kwa mambo ya ndoa.

Mtafiti, ambaye alikuwa hajaoa, alikaa juu ya sanduku lake akafikiri kwa muda mrefu mno. Kisha akasema, "Mzee wangu, kwa kweli sijui."

Baba hakuhitaji nifasiri. Tulipofika uani alimwambia mama aanze kukusanya kuku wa harusi.

Mimi na dereva tulifunga ndoa misheni baada ya kuuza pamba. Baba alicheza ngoma hadi kiatu kimoja kikapotea, na mwalimu wa hesabu ndiye aliyekaa naye hadi kikapatikana.