Kitabu cha Zaina Kilichonipa Udaktari

Jamani, leo nimeaibika dukani kwangu Masese mpaka nimekosa pa kuficha uso.

Mnanijua. Shule niliiacha mapema, lakini kwa maneno hakuna daktari Jinja nzima ananiweza.

Mpwa wangu Zaina anasomea udaktari Mbale. Likizo alisahau kwangu kitabu chake cha kinga ya mwili, kizito kama jiwe la kusagia. Nikakiweka kaunta. Heshima ikapanda! Wateja wakaniita daktari.

Zaina akapiga simu: "Mjomba, umekiona kitabu changu? Nina mtihani."

Nikasema sijakiona. (Nilitaka kukaa nacho wiki moja tu, wallahi.)

Leo nimekifungua mbele ya watu, nikanguruma: "Damu nyeupe ni jeshi! Afande wao anakaa hapa kwenye ini!"

Sauti mlangoni: "Si kwenye ini, mjomba."

Zaina! Katoka Mbale.

Nikamnyooshea kitabu. Hakukipokea.

"Mtihani ulikuwa jana. Swali kubwa lilitoka kwenye sura ambayo sikuwa nimeisoma. Baki nacho, daktari."

Akaondoka. Hakuniita mjomba tena.

Mteja akauliza, "Daktari, tuendelee?"

Nikamjibu, "Mimi nauza sukari tu, bwana."

Ndugu zangu, nyinyi mngeanzia wapi kumwomba msamaha?